Picha Iliyoilemea Mashine

Studio
Jumatatu, 4 Februari

Kaka Kobe,

Shikamoo. Sisi hatujambo, mgonjwa ni kompyuta. Na kwa kuwa wewe ndiye uliyeileta humu ndani, wewe ndiye utakayeitibu, hata kama ni kwa karatasi.

Usiniulize kwa nini sipigi simu. Studio ni vyumba viwili, Baba amekaa hatua tatu kutoka hapa nilipo, na nikitaja jina lako tu anaanza kile kikohozi chake kisichotoka kifuani. Nawe ukiwa kule chini kwenye mitambo ya kiwanda simu haishiki. Basi barua itapanda gari la vifurushi.

Shida yenyewe ni hii. Nina picha za wahitimu wa chuo cha uuguzi, mia sita na ushee, zote mbichi, yaani zile kubwa ambazo kamera haijazipika, zinasubiri mimi nizipike. Matroni wa chuo anataka albamu tarehe ishirini Machi, siku ya mahafali, na matroni huyo si mtu wa kuombwa siku mbili. Sasa karibu kila asubuhi nikifungua programu ya kusafishia picha, inaganda. Nafagia, naosha vikombe, narudi, bado kale kaduara kanazunguka. Juzi nilihesabu dakika kumi na moja kabla sijaona kitu. Ikishafunguka inachechemea mpaka adhuhuri ndipo inapata nafuu.

Nimefuta picha za miaka ya nyuma ambazo wateja walishachukua. Nafasi imeongezeka, mwendo haukuongezeka hata chembe. Fundi cherehani wa jirani amenishauri niizabe kofi ubavuni. Nimeizaba. Sielewi tena cha kufanya.

Na nisikufiche, kinachoniogopesha si matroni. Baba amesema kazi hii ikishindikana atafunga studio. Alisema, "Chumba changu cha giza hakikuwahi kuganda." Unajua alikuwa anamsema nani. Miaka saba sasa tangu uvitoe vyombo vyake alipokuwa amelazwa, mashine ya kukuzia picha, mabeseni ya dawa ya kusafishia picha, hata kale kakadi kenye waya alikokuwa akikingia mwanga, ukaweka kompyuta ukidhani atafurahi. Hilo labda angelimeza. Lakini hukuja kumzika Mama, Kobe. Mwezi wa tano utakuwa mwaka mzima, na hilo hata mimi limenikwama kooni. Nilitaka kuandika habari za kompyuta tu, kalamu imeniponyoka.

Baba mwenyewe anaendelea. Mkono wa kulia bado unatetemeka. Kila Jumatano alasiri anakwenda kliniki kunyooshwa vidole. Siku nyingine zote, mimi nikitoka saa kumi kuwapelekea wateja picha zao, yeye hubaki kulinda studio hadi kufunga. Nadhani analala kitini.

Mdogo wako,
Chiriku

*

Kiwandani
Ijumaa, 8 Februari

Chiriku,

Marahaba. Kwanza acha kuipiga.

Umefuta picha bure. Diski ni ghala, memori ni meza. Picha zinalala ghalani, lakini ukitaka kuifanyia kazi mojawapo lazima uitandaze mezani, na picha mbichi ni shuka la kitanda kikubwa, si leso. Wewe umefagia ghala wakati meza ndiyo iliyojaa. Meza ikijaa, kompyuta inaanza kubeba vitu kupeleka ghalani na kuvirudisha, na huko kubebabeba ndiko unakokuona wewe kuwa ni kuganda.

Nimeweka vibao viwili vya memori kwenye kifurushi hiki, nimevifunga kwa soksi safi. Zima mashine, chomoa waya, fungua ubavu, vibonyeze mpaka vilie "ta". Fundi cherehani asisogee.

Kinachonitatiza ni kwamba meza hiyo ilikuwa inatosha. Niliinunua mwenyewe nikijua kazi yake. Mashine haizeeki ghafla hivyo.

Kuhusu Mama, usinisukume. Najua ulivyokuwa. Ulivaa viatu vyake vya kahawia siku ile, vikakubana, ukavumilia mpaka mwisho. Tuyaache.

Kaka yako

*

Studio
Jumatatu, 4 Machi

Kaka,

Vibao vililia "ta" na mashine ikapona. Wiki mbili nzima nilifanya kazi kama mtu aliyevuliwa gunia mgongoni. Nilimaliza wauguzi mia tatu. Nilikusifu mbele ya Baba, naye hakukohoa, akauliza tu, "Sasa inabeba zaidi?" Nikamwambia inabeba mara mbili. Akaitikia kwa kichwa.

Halafu ugonjwa umerudi, na umerudi na ndugu zake. Leo asubuhi ni dakika kumi na nane. Kobe, imewezekanaje? Umenipa meza kubwa zaidi nayo imejaa upya, na mimi sijaongeza kitu.

Nimeanza kuandika kwenye daftari kama ulivyonifundisha zamani, saa na dakika. Nimegundua jambo litakalokuchekesha. Alhamisi asubuhi mashine haina neno. Inafunguka kwa sekunde chache. Ijumaa inaganda, Jumamosi inaganda, mpaka Alhamisi nyingine. Nimehesabu mwezi mzima, ukiacha zile wiki mbili za nafuu. Nimebadilisha waya, nimehamisha meza, nimeacha kuweka kikombe cha chai karibu nayo. Ni Alhamisi tu. Ningekuwa mtu wa kuamini mashetani ningekwisha kuamini.

Nimenakili kila kitu kwenye diski ya nje, picha pamoja na kumbukumbu zote za programu, kama zilivyo leo. Nimekufungia hapa kwa sababu kwa mtandao wetu zingefika nikiwa bibi kizee. Chungulia uone. Zimebaki wiki mbili na Baba ameanza kuuliza ufunguo wa kufuli la nje uko wapi.

Tena jambo lingine. Nani alikuambia habari za viatu? Sijamwambia mtu. Nilivivaa kwa sababu nilitaka, nikavivua nyumbani nikiwa peke yangu.

Chiriku

*

Kiwandani
Jumamosi, 9 Machi

Chiriku,

Nimeipata diski na nimempata mchawi wako.

Elewa hivi. Programu hiyo haigusi picha mbichi hata siku moja. Ukiongeza mwanga au ukipunguza wekundu, inaandika tu kwenye kijifaili kidogo pembeni: hapa ongeza, hapa punguza. Kila ukifungua picha, inasoma maagizo hayo kuanzia la kwanza na kuyatekeleza upya. Vijifaili vyako vina mistari kumi, ishirini, vya wauguzi wenye chunusi, hata arobaini. Kimoja tu, cha picha namba 417, kina miguso ya brashi elfu sita na zaidi. Mashine ikianza kuitandaza picha hiyo, inarudia miguso yote elfu sita, meza inajaa, mengine yote yanasubiri.

Sikuifungua picha yenyewe. Fundi hahitaji kuona picha, namba zinatosha. Hakuna binadamu mwenye akili timamu anayeweza kugusa picha moja mara elfu sita. Kijifaili kimeharibika, programu inajiandikia upuuzi. Kifute, usikifungue, kisha mwaga na pipa la taka ili kisirudi. Picha itabaki salama, itarudi mbichi kama ilivyotoka kwenye kamera.

Nikiri kwamba sijaelewa vyote. Programu ikifunguliwa huanza kuitayarisha kwa ndani picha iliyofanyiwa kazi mwisho, hata kama huioni kiooni, na sijui kwa nini kila jioni inaachwa kwenye hiyo hiyo. Lakini kompyuta haijui Alhamisi, Chiriku. Utakuwa umekosea kuhesabu.

Mwambie Baba ufunguo umepotea.

Kaka yako

*

Studio
Alhamisi, 14 Machi

Kobe wangu,

Nimekifuta jana alasiri, nikamwaga na pipa. Nilitaka kusubiri Alhamisi ipite ndipo nikusifu, lakini nimeshindwa, maana inaruka. Hata picha kumi kwa mpigo inazifungua. Wauguzi wote wamekwisha, hata yule aliyefumba macho mara saba. Matroni atapata albamu zake kabla ya siku.

Sikuitazama hiyo 417, ulisema nisiifungue. Niliona namba yake tu kwenye orodha, nikafuta.

Jioni nitampikia Baba kitu kizuri. Hatafunga studio. Ndugu yangu, kumbe kobe naye hufika.

Chiriku wako

*

Studio
Ijumaa, 15 Machi

Kaka,

Barua ya jana imekwishaondoka na siwezi kuirudisha. Nimekupigia mara sita, simu yako iko chini ya ardhi. Soma hii mpaka mwisho kabla hujafanya lolote na ile diski.

Jana nilitoka saa kumi, nikasahau bahasha, nikarudi. Baba alikuwa mbele ya kompyuta. Baba, ambaye hajawahi kuikalia hata mara moja mbele yangu. Amepandisha miwani kwenye paji la uso, uso umekaribia kioo, mkono wa kushoto umeushika wa kulia kifundoni ili usitikisike. Hakugeuka.

Aliniuliza, "Nani amemzima?"

Nikasema, "Kuzima nini, Baba?"

"Mtu wangu. Mlangoni."

Nikasogea. Ilikuwa ni hiyo 417. Kobe, ni picha niliyoipiga mimi siku ya mazishi ya Mama. Watu wamesimama juani, na nyuma yao, mbali, kuna kibanda cha mlinzi wa makaburi, mlango wake uko wazi na ndani ni giza tupu. Mimi sikuwahi kuona kitu pale. Baba aliona. Anasema kwenye picha mbichi giza huwa halijafunga, na kwamba siku ya kwanza tu alipoitazama alijua kuna mtu amesimama ndani ya mlango ule.

Kwa hiyo amekuwa akimtoa. Alinitazama nikifanya kazi akajifunza brashi, halafu kila nikitoka anakaa hapa na kuliondoa giza kidogo kidogo, kama alivyokuwa akifanya na kale kakadi kenye waya. Mkono ukitikisika anaachia, anaanza mguso mwingine. Ndiyo maana ni elfu sita. Tangu mwezi wa sita, kila jioni isipokuwa Jumatano, siku ya kliniki. Na ulipotuletea memori, alifurahi kwa sababu mashine iliweza kubeba miguso zaidi kabla ya kumgandia.

Niliwaza kumdanganya, nikashindwa. Nilimwambia ni mimi niliyefuta na kwamba ni wewe uliyeniagiza. Hakukohoa. Alisema, "Nilikuwa nimeshapita mabega," akazima taa ya meza akaenda zake. Leo hakuja studio. Ufunguo wa kufuli ameuona, nilikuwa nimeuficha kwenye kopo la klipu.

Nilijaribu kulivuta giza lote kwa mara moja, kuna kitufe chake. Picha ikajaa mchanga mchanga, na katikati ya mchanga umbo la mtu. Sikumtambua. Au niseme ukweli, niliogopa kutazama vizuri, nikafunga.

Diski uliyonayo ni ya tarehe nne. Kijifaili bado kimo humo, sivyo? Niambie kimo.

Na nakuuliza tena habari za viatu. Safari hii nijibu.

Chiriku

*

Kiwandani
Jumanne, 19 Machi

Kwa Baba, kwa mkono wa Chiriku.

Shikamoo, Baba.

Sijakuandikia kwa miaka saba. Nakuomba Chiriku akikusomea usikohoe mpaka afike mwisho.

Kijifaili kimo. Nimekinakili mara tatu, nakala moja iko mfukoni mwangu sasa hivi. Kazi yako haikupotea, isipokuwa ya jioni zile chache baada ya tarehe nne.

Nilipopata barua ya Chiriku nilishuka kwenye mashine kubwa ya hapa kazini, ile inayobeba michoro ya kiwanda kizima, nikaifungua 417. Hata yenyewe ilichukua dakika nne. Siku zote nikiona mashine inasubirisha huwa naona ugonjwa. Safari hii nilikaa nikatazama. Miguso yako ilikuja mmoja baada ya mwingine kwa mpangilio ule ule ulioiweka. Vikatoka viatu, ikatoka suruali. Mikono imeshikana mbele. Vifungo vya shati, ukosi, mabega, kidevu. Juu ya kidevu giza limebaki kama lilivyokuwa.

Baba, aliyesimama pale ni mimi.

Nilifika na gari la asubuhi. Nilimwona Chiriku akitembea kwa viatu vya Mama, nikajua vinambana kwa jinsi alivyokuwa akikanyaga. Nilikuona wewe. Nilikuwa nimeyapanga maneno njia nzima. Lakini niliwaza kwamba nikitokea utaniambia niondoke, mbele ya watu, mbele ya Mama. Mlinzi alikuwa ameacha kibanda wazi, nikaingia. Nilipoona wanaanza kutawanyika niliondoka kwa nyuma. Sikumwambia mtu, na wewe ulipoanza kusema kwamba sikuja, niliona ni afadhali uamini hivyo kuliko ujue nilikuja nikajificha. Nimeona aibu karibu mwaka mzima.

Nimeifuta kazi yako mara mbili. Mara ya kwanza nilitupa vyombo vyako nikidhani nakuletea zawadi. Mara ya pili sikutazama picha, nilitazama namba. Ulikuwa ukiniambia nikiwa mdogo kwamba mimi najua kila kitu cha kamera isipokuwa kilicho mbele yake. Nilikuwa nakasirika. Naomba radhi, Baba, kwa yote mawili na kwa lile la mlangoni.

Diski naweza kuituma kwa gari la vifurushi, itafika kwa siku nne. Au naweza kuileta mwenyewe. Sitaki kuja bila ruhusa yako, halafu nikajikuta nimesimama mlangoni tena.

Chiriku, umejibiwa habari za viatu.

Mwanao,
Kobe

*

Studio
Jumamosi, 23 Machi

Mwanangu Kobe,

Marahaba. Naandika kwa mkono wa kushoto, Chiriku nimemtoa nje, kwa hiyo soma taratibu.

Nilikujua tangu nilipofika mabegani. La kushoto limeshuka. Lilianza kushuka ulipokuwa ukinibebea begi la kamera, mama yako akanigombeza nikuhamishie la kulia, nikapuuza. Umbo hilo ningelitambua hata kwenye karatasi iliyoungua.

Kwa hiyo sikuwa natafuta ni nani. Miezi mitatu hii nilijua ni wewe na sikumwambia dada yako, nikamwacha aendelee kukulaumu, na mimi mwenyewe nikaendelea kukohoa. Hilo ni langu, nitalijibu.

Chiriku ananiambia kipo kitufe cha kuvuta giza lote mara moja. Nakijua. Nimemwona akikitumia tangu zamani. Sikukibonyeza kwa sababu nilitaka kuona kama ulilia, na nilikuwa naogopa kukuta hukulia. Ndiyo maana nilikwenda mguso mmoja mmoja. Mashine ikiganda, nilikuwa nashukuru, napata muda wa kupumua kabla ya kuendelea. Usije ukaiongezea mbio nyingine. Iliyopo inatosha mkono wangu.

Studio sikuifunga. Matroni amezipokea albamu, ameleta na wauguzi wengine wawili wapigwe upya kwa sababu hawakujipenda.

Usiitume diski. Ilete. Jumatano sipo, nipo kliniki, njoo siku nyingine yoyote. Mlango wa studio umevimba kwa mvua, usibishe hodi ukasubiri, usukume kwa bega hilo hilo uingie.

Macho sijayafikia. Utaniambia mwenyewe.

Baba yako